Uvimbe Usiouma Usingojwe

Mwanamke agusapo uvimbe katika titi lake, awe mkazi wa Majengo mjini Songea au ndugu yetu wa visiwani, huenda akaupima kwa swali moja: je, unauma? Usipouma, huuacha akaendelea na kazi zake. Hatuna budi kusema waziwazi kwamba kipimo hicho ni cha hatari.

Si kila uvimbe ni saratani. Lakini saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni, ingawa ndani yake mna dhiki. Seli zinapoongezeka kupita kiasi, zile za katikati hupungukiwa na oksijeni na chakula. Badala ya kufa, baadhi yake hujihami: huita mishipa mipya ya damu, hujibandua kwa jirani zake, zikahamia mifupani, mapafuni na kwenye ini. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli zinavyotambua upungufu wa oksijeni. Kuchelewa kwetu, basi, huipa saratani nafasi ya kusambaa.

Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, mbali na Songea, na ni ng'ambo ya bahari kwa watu wa visiwani. Kwa hiyo uchunguzi sharti uanzie zahanati ya jirani. Tunawataka viongozi wahakikishe kuwa mhudumu ajuaye kupima titi yupo, na kwamba rufaa haikwami mezani. Akina mama nao wasingoje maumivu. Kawia ufike si methali ya ugonjwa huu.