Siku Kumi za Kurudi Nyuma: Urejeshaji wa Mfumo Endeshi wa Kompyuta kwa Mtafiti Aliye Mbwera

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kurejesha mfumo endeshi wa kompyuta katika toleo lake la awali, na kwa nini uamuzi huo humpasa mtafiti aufanye mapema. Mfano unaotumika ni wa Mbwera, katika delta ya Mto Rufiji wilayani Kibiti, ambako msafiri atokaye Nyamisati hufika kwa chombo cha majini, na safari hupangwa kwa kutazama maji kujaa na kupwa.

Mwandishi alipandisha toleo la mfumo endeshi wa kompyuta mpakato yake siku moja kabla ya kwenda huko kurekodi masimulizi ya wazee. Alipofika, programu yake ya zamani ya kunukulia rekodi haikufunguka. Akaahirisha suala hilo hadi atakaporudi mjini, akiamini kwamba kurudi nyuma kunahitaji intaneti. Alirudi siku ya kumi na nne na kukuta njia imekwisha kufungwa. Isitoshe, imani yake ilikuwa potofu tangu mwanzo.

2.0 Mfumo wa zamani hukaa wapi?

Windows inapopandishwa kutoka toleo la 10 hadi la 11, mfumo wa zamani haufutwi papo hapo. Huhifadhiwa katika kabrasha liitwalo Windows.old, ndani ya diski ya kompyuta hiyohiyo. Kwa hiyo kurudi nyuma ni kulirejesha kabrasha hilo mahali pake. Hakuna kinachopakuliwa, na kazi hiyo yaweza kufanyika kijijini pasipo mtandao wowote.

Hata hivyo, kabrasha hilo hula nafasi kubwa ya diski, na kwa sababu hiyo limewekewa ukomo. Windows 10 ilipotolewa Julai 2015, mtumiaji alipewa siku 30. Kuanzia sasisho la Agosti 2016 muda huo ulipunguzwa kuwa siku 10, na ndio unaotumika pia katika Windows 11 iliyotolewa Oktoba 2021. Siku hizo huhesabiwa kwa kalenda. Siku ambayo kompyuta imezimwa kwa kukosa chaji nayo imo katika hesabu. Vilevile, mtu akisafisha diski ili apate nafasi ya rekodi zake, aweza kulifuta kabrasha hilo bila kujua.

3.0 Utaratibu wa kurejesha

Kwanza, mtafiti anakili data zake zote katika diski ya nje. Urejeshaji hubakiza faili binafsi, lakini huondoa programu zilizosakinishwa na mipangilio iliyobadilishwa baada ya kupandisha toleo. Pili, ahakikishe anaikumbuka nywila aliyoitumia katika mfumo wa zamani, kwani ataidaiwa. Tatu, kompyuta iwe na chaji ya kutosha na iunganishwe na umeme. Anayetegemea sola aianze kazi hii mchana, jua likiwa kali, kwa maana umeme ukikatika katikati mfumo waweza kuharibika. Baada ya hapo afungue mipangilio, aingie sehemu ya mfumo, kisha ya urejeshaji, na achague kurudi toleo la awali.

Ajuaye kwamba atakaa delta zaidi ya siku kumi aweza kurefusha muda huo hadi siku 60, almuradi haujapita. Afungue dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kisha aandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Amri hii nayo haihitaji intaneti.

4.0 Muda ukishapita

Muda ukipita, njia inayobaki ni kusakinisha upya toleo la zamani. Kazi hiyo huhitaji flashi ya GB 8 au zaidi na intaneti ya kupakulia mfumo, na huondoa programu zote. Faili zisizo na nakala zaweza kupotea. Ndivyo ilivyomtokea mwandishi: rekodi za wazee zilisalimika kwa kuwa zilikuwa katika diski ya nje, lakini manukuu ya wiki mbili, aliyoyaandika kwa mkono wa polepole katika programu nyingine, hayakuwa na nakala.

Izingatiwe pia kwamba Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kurudi huko sasa kuwe hatua ya muda ya kukamilisha kazi.

5.0 Hitimisho

Ukomo wa siku kumi humfaa mtu aliye karibu na fundi, umeme na mtandao. Kwa aliye Mbwera, siku hizo zaweza kuisha kabla ya chombo cha kurudi kupatikana. Mtafiti asipandishe toleo katika mkesha wa safari. Akiwa amekwisha kulipandisha, aijaribu kila programu anayoitegemea na kurefusha muda wa kurudi kabla hajapanda chombo Nyamisati.