Uzi na Punje: Umbo la Mitokondria na Uzima wa Seli

Neno mitokondria lilibuniwa na Carl Benda, Mjerumani, mwaka 1898, kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani: mitos, uzi, na khondros, punje. (Silabi mi- iliyo mwanzoni si kiambishi cha ngeli ya miti, ijapokuwa sikio la Mswahili lavutika huko, kwa hiyo nalitia katika ngeli ya N.) Jina hili lastahili kusifiwa, kwa kuwa uzi na punje si aina mbili za kitu, bali ni hali mbili za kitu kimoja. Margaret na Warren Lewis, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1915, waliona katika seli hai za kuku nyuzi zikikatika, na vipande vikiungana tena.

Mambo hayo yana watumishi wake. Protini ziitwazo mitofusini huunga utando wa nje, na OPA1 huunga ule wa ndani. Drp1 huizunguka mitokondria kama kamba, ikaikaza hata ikatike. Kuungana kwafaa, maana iliyopungukiwa huazima kwa nzima. Lakini kwaweza pia kueneza kasoro; ndipo kukatika kunapohitajiwa, ili kipande kibovu kitengwe.

Seli yajuaje kilicho kibovu? Protini PINK1 huingizwa daima ndani ya mitokondria nzima, na humo hukatwa na kisha kuteketezwa. Kuingizwa huko hutegemea nguvu ya umeme iliyo katika utando wa ndani. Nguvu hiyo ikizimika, PINK1 hukwama nje, ikalundikana na kuiita Parkin, nayo huupachika utando wa nje alama za ubikwitini. Kisha mitokondria hiyo huviringishiwa utando mwingine na kupelekwa kwenye kifuko cha kumeng'enyea. Yaani alama ya ubovu ni mjumbe aliyefungiwa mlango.

Jeni la Parkin mwaka 1998, na la PINK1 mwaka 2004, yalitambuliwa kuwa yakiharibika huleta ugonjwa wa Parkinson, mara nyingi kwa watu wasiofikia uzee. Kasoro za mitofusini ya pili hudhoofisha neva ndefu za miguu na mikono. Za OPA1 hudhuru neva ya jicho.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba uzi ni afya na punje ni maradhi. Seli inayojigawa huzikata mitokondria zake makusudi, ili kila mrithi apate fungu. Na seli yenye njaa huzirefusha, zisije zikaliwa.