Mshono Uliokataliwa

Msikilizaji mmoja wa Keko, fundi wa kuchomelea mageti, ameniandikia baada ya kunisikia nikitaja matangi ya vyombo vya angani. Anauliza: mshono ukitoka vibaya si unausaga tu na kuuchomelea upya? Kwa nini mkaguzi apige kelele?

Kwa geti la chuma, ndugu yangu, hata mimi ningesema hivyo hivyo. Alumini ina tabia nyingine. Chukua lile tangi kubwa la rangi ya chungwa lililobeba haidrojeni na oksijeni za kimiminika za Space Shuttle, chombo cha Marekani kilichoruka kuanzia 1981 hadi 2011. Lilitengenezwa Michoud, New Orleans. Urefu wake ulikaribia meta 47, na mishono yake kwa jumla ilizidi meta 800. Pembeni yake walipanda watu, mara nyingi saba.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Sentigredi, lakini utando mwembamba unaoifunika hauyeyuki mpaka nyuzi 2,000 zipite. Usipousugua vizuri, vipande vyake huzama ndani ya mshono. Isitoshe, alumini iliyoyeyuka hufyonza haidrojeni kutoka kwenye mafuta, unyevu, hata jasho la kidole. Ikianza kuganda huitema, na gesi iliyokosa njia hubaki ndani kama viputo. Kwa macho mshono unang'aa kama sahani mpya. Eksirei ndiyo inayoumbua.

Basi picha ikionyesha dosari, fundi haruhusiwi kugusa kitu. Mkaguzi huandika, kisha wahandisi hukaa na kuuliza: kitundu kina ukubwa gani, kipo kwenye sehemu inayobeba mzigo gani, na je, mahali hapo pamekwisha kurekebishwa mara ngapi? Wakati mwingine huamua, kwa hesabu na kwa sahihi, kwamba kiputo kibaki pale pale. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini dawa inaweza kuzidi ugonjwa.

Sababu ni hii. Aloi hizo hupata nguvu kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo maalumu kiwandani. Moto wa kuchomelea huiharibu kazi hiyo pembezoni mwa mshono, na kila marekebisho huirudia hasara. Tena sehemu iliyochomelewa upya husinyaa inapopoa huku metali ya jirani imeishikilia, ikabaki na mvuto wa ndani usioonekana. Ikiamuliwa kurekebisha, dosari huchimbwa yote, pakasafishwa, pakapakwa rangi inayopenya kwenye nyufa ili kuhakikisha hakuna kilichobaki. Ndipo huchomelewa, kisha eksirei tena.

Mambo yalizidi kuwa magumu walipotaka tangi jepesi zaidi la kusaidia kupeleka mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Aloi mpya yenye lithiamu, iitwayo 2195, ilipunguza uzito kwa karibu kilo 3,400, na tangi la kwanza la namna hiyo liliruka Juni 1998. Lakini aloi hiyo haikupenda kuchomelewa mara ya pili: ilipasuka. Mafundi walilazimika kugonga-gonga sehemu iliyorekebishwa ili kulegeza ule mvuto. Nyundo kwenye chombo cha angani!

Nafuu ilitoka Uingereza. Mwaka 1991 taasisi ya TWI, karibu na Cambridge, ilivumbua njia ya kuunganisha bila kuyeyusha: pini inayozunguka hulainisha metali kwa msuguano na kuikoroga mithili ya ugali. Kisichoyeyuka hakifyonzi gesi, hivyo vile viputo vikatoweka. Michoud wakaipokea.

Hata hivyo mkaguzi hakupoteza kazi. Walipokuwa wakijenga roketi mpya ya SLS katika kiwanda hicho hicho, pini ilibadilishwa, na kufikia 2017 ilijulikana kuwa baadhi ya mishono ilikuwa na nguvu pungufu kuliko ilivyotakiwa. Tangi la haidrojeni lililokwisha kuunganishwa likawekwa kando, wakarudia pini ya zamani na kuunganisha jingine. Roketi hiyo iliruka mara ya kwanza Novemba 2022.