Mtama Umelala Juu, Mtoto Amelala Chini

Ukiingia katika ua wa mzee wa zamani, uwe Butiama au Bunda au katika vijiji vya ufukweni hapa Musoma, huenda ukakuta bado kihenge cha nafaka kimesimama. Kitazame vizuri. Usishughulike na paa lake wala kuta zake za fito; inama utazame chini. Utaona mawe makubwa, juu ya mawe magogo, juu ya magogo fito, na juu ya fito sakafu ya udongo uliochanganywa na samadi, imesiribwa ikawa laini kama chungu. Kati ya sakafu hiyo na ardhi pana uvungu. Kuku hupita humo, na upepo nao hupita.

Kwa nini wazee walijisumbua hivyo? Jibu lao ni fupi: mtama ukilala chini huvunda. Nao walisema kweli. Nafaka yenye unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine huleta sumukuvu, ile iliyougua na kuua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Basi, toka hapo kwenye kihenge, uingie nyumbani usiku wa masika, wakati watu wamekwisha kulala. Watoto wako wapi? Katika nyumba nyingi utawakuta juu ya mkeka, au juu ya godoro la sponji lililotandikwa kwenye ardhi tupu. Mtama umelala juu, mtoto amelala chini. Sisemi haya ili kumcheka mtu. Nafaka ikioza, nyumba nzima hufa njaa, kwa hiyo wazee waliiwekea uvungu kwanza. Lakini maarifa yale yale ya kihenge yatosha kumwinua mtoto pia, nasi twayaacha uani kana kwamba ni ya mtama peke yake.

MAJI HUPANDA KAMA MAFUTA YA TAA

Watu hudhani kwamba ardhi iliyo ndani ya nyumba ni kavu kwa kuwa mvua hainyeshi ndani. Sivyo. Tazama utambi wa koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu, hata hivyo mafuta hupanda yenyewe. Udongo nao hufanya vivyo hivyo. Maji yaliyonywewa na ardhi huko nje husogea chini ya msingi, kisha hupanda kidogo kidogo mpaka juu ya sakafu, na hapo hugeuka mvuke. Huyaoni, kwa sababu huondoka hewani. Ukilaza godoro juu yake, mvuke hauna pa kutokea, nao hubaki katika godoro. Ndipo mama huinua godoro asubuhi akaona madoa meusi upande wa chini, akamsingizia mtoto mdogo kuwa amekojoa!

Je, wataka kujua sakafu yako ikoje? Chukua kipande cha nailoni, upana wa mkeka mdogo wa kusalia. Kitandike sakafuni, ukandamize pembe zote kwa udongo au mawe ili hewa isipite, ukiache siku moja na usiku wake, na zikiwa mbili ni bora zaidi. Kisha kifunue. Ukikuta matone upande wa chini, au sakafu imekuwa nyeusi mahali pale, maji yanapanda.

Wenzetu wa ufukweni hawahitaji hata kujaribu. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kupita kawaida, na mwaka 2024 likajaa tena. Wengi waliokaa karibu na maji waliona sakafu zao zikilowa kwa chini, hata kabla wimbi halijafika mlangoni.

Mtu mwingine atajibu: mimi nina sakafu ya simenti, hayo hayanihusu. Ngoja, ndugu yangu. Simenti nayo hunyonya maji, ijapokuwa ni polepole. Zege lililomwagwa juu ya udongo mtupu litakuwa gumu, litafagilika, lakini masika halitakuwa kavu.

BARIDI YA CHINI

Sasa kuna jambo la pili, nalo ni baridi. Musoma si Ulaya, twajua; lakini nyumba iliyo karibu na ziwa hupata upepo na unyevu, na alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai mzee na mtoto mchanga huisikia mifupani.

Blanketi halina moto ndani yake. Kazi yake ni kushika hewa isitembee, na hewa iliyotulia hulinda joto la mwili. Lakini ukililalia blanketi, uzito wako huikamua ile hewa, likabaki kitambaa tu. Ndiyo sababu mtu hujifunika mablanketi mawili na bado baridi humpata kwa mgongoni. Ardhi ile humnyonya joto usiku kucha, na ardhi iliyolowa humnyonya zaidi kuliko iliyo kavu. Kwa hiyo yafaa kukausha kwanza, halafu ndipo kuongeza joto. Atandikaye majani makavu juu ya sakafu inayolowa amejitengenezea mbolea.

Katika nchi za baridi kali, kama vile Kanada na Marekani, nyumba nyingi za mbao zina sakafu iliyoinuliwa na uvungu chini yake, ambamo mtu aweza kuingia kwa kutambaa. Huko hujaza kitu chepesi chenye hewa kati ya maboriti, mathalani sufi ya kioo au ya mawe, na udongo wa uvunguni huufunika kwa nailoni nzito ili mvuke usipande. Zamani walitoboa madirisha madogo uvunguni kupitisha upepo. Siku hizi wengi wao wanayaziba, maana wameona kwamba hewa ya kiangazi chao yenye unyevu huingia humo, hukuta ubaridi, ikatoa jasho juu ya mbao. Sisi tusiwaige katika hilo la kuziba. Uvungu wetu hauna ubaridi wa namna hiyo. Upepo wafaa upite. Lakini ile nailoni juu ya udongo, hiyo tuichukue.

UKITAKA KUINUA SAKAFU YA MBAO

Wako wenye nyumba mtelemkoni, kati ya majabali yetu haya, ambako upande mmoja wa msingi huwa juu kuliko mwingine. Hapo ni ghali kujaza udongo na mawe, na sakafu ya mbao yenye uvungu yaweza kuwa nafuu. Basi, ukiijenga, simamisha nguzo za mawe au tofali za simenti, wala si za miti, kwa ajili ya mchwa. Juu ya kila nguzo weka kipande cha bati kilichokunjwa kingo zake kuelekea chini. Mchwa hupanda kwa vichuguu vya udongo. Akifika kwenye bati hulazimika kuzunguka nje, nawe utamwona mapema. Uvungu uwe na kimo cha kutosha mtu kuingia na kukagua. Acha matundu pande mbili zinazokabiliana, uyazibe kwa wavu wa waya, kwa maana panya na nyoka hupenda mahali palipotulia. Tandika nailoni juu ya udongo, uikandamize kwa mawe.

Upepo huo unaokausha hupoza pia, kwa hiyo chini ya mbao pataka kitu cha kuzuia baridi. Bunda kuna mpunga, na maganda yake mara nyingi hutupwa au huchomwa. Yakiwa makavu kabisa, yakijazwa kati ya maboriti juu ya mbao nyembamba au bati lililotobolewatobolewa, hushika hewa vizuri, nayo hayaozi upesi kama majani. Yasiachwe na punje ndani, la sivyo utakuwa umewaandalia panya karamu. Tena yote haya hushika moto: jiko la mkaa na koroboi visiwekwe juu ya sakafu hiyo.

Nawasihi jambo moja zaidi: msifuge kuku uvunguni mwa chumba cha kulala. Najua mahali ni pazuri na mwizi hafiki. Lakini viroboto na utitiri wa kuku watapata njia kati ya mbao.

KWA WALIO WENGI

Hata hivyo walio wengi hawatajenga sakafu ya mbao. Mbao ni ghali. Kwao kazi huanza nje. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, maji ya paa yasisimame ukutani. Sakafu ya ndani na iwe juu ya uwanja wa nje kwa sentimeta 30 au zaidi. Halafu jaza mawe, nasi Musoma hatukunyimwa mawe. Mawe ya ukubwa wa ngumi, yasiyochanganywa na udongo, huacha nafasi kubwa kati yake, na maji hayawezi kupanda katika nafasi kubwa. Hupanda katika vijitundu vidogo tu, kama vya utambi. Huo ndio uvungu mwingine, ila umejazwa mawe. Juu yake tandaza mchanga kidogo usichane nailoni, kisha nailoni nzito, vipande vyake vikilaliana na kupandishwa kidogo ukutani, ndipo zege. Chumba cha mita 3 kwa 3, zege la sentimeta 7 kwa kipimo cha simenti 1, mchanga 3 na kokoto 6, pamoja na lipu nyembamba ya juu, kitakula mifuko kama 5 ya kilo 50. Limwagilie maji siku 7. Fundi mwenye haraka atakuambia siku mbili zatosha, usimsikilize.

Asiye na fedha za simenti asikate tamaa. Nchini Rwanda shirika liitwalo EarthEnable limetengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa juu ya changarawe, kisha hupakwa mafuta ya mimea ambayo yakikauka huwa kama ngozi ngumu, nazo huoshwa kwa maji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya simenti. Changarawe ile ya chini na kushindilia kwa nguvu, hata sisi twaweza leo. Mama azibe nyufa kila zinapotokea, asingoje sikukuu.

Nyufa hizo si jambo la uzuri tu. Ndani yake hukaa papasi, ambaye mchana hujificha na usiku hutoka kunyonya damu, kisha hurudi ufani, na aliyeumwa mara nyingi hajui. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alifika katika nchi yetu hii akachunguza papasi wa kambi za misafara, waletao homa inayokwenda na kurudi. Mwaka huo huo daktari Mwingereza Joseph Dutton alikufa huko Kongo, akiwa katika kuichunguza homa hiyo hiyo. Na tekenya je? Naye huanzia maisha yake katika vumbi la sakafu. Nchini Meksiko serikali iliwawekea maskini sakafu za simenti kuanzia mwaka 2000. Wataalamu walipopima wakakadiria kwamba nyumba iliyobadilishwa sakafu yote ya udongo, watoto wake walipungukiwa na minyoo na vijidudu vya tumbo kwa asilimia 78, na kuhara kwa asilimia 49.

KITANDA NI UVUNGU

Tumefika kwenye jambo ambalo kila nyumba yaweza kulifanya juma hili. Kitanda ni kihenge cha mtu. Miti minne yenye panda, fito za kukingama, na kamba: hapo mtoto amekwisha kuachana na ardhi. Chini yake upepo hupita, na mbu hukutana na chandarua kilichochomekwa vizuri, jambo ambalo ni taabu kulifanya juu ya mkeka. Miguu ya kitanda isigusane na ukuta, papasi asipate daraja. Juu ya kamba tandika magunia mawili matatu yaliyoshonwa pamoja, au godoro la majani makavu linaloanikwa juani kila juma. Baridi itapita kwa chini kama hujaweka kitu, maana upepo wa uvunguni haumhurumii mtu.

Kule Mtwara, vijijini, zimejengwa nyumba 110 za majaribio ambazo vyumba vya kulala viko ghorofani, ili kuona kama watoto watapona malaria na magonjwa mengine. Sisi hatuna ghorofa. Lakini nusu mita ya kitanda tunayo.

Baba mmoja ataniambia: nina watoto sita na chumba kimoja, vitanda vitakaa wapi? Swali hilo ni la haki. Jenga uchaga mmoja mrefu, toka ukuta hadi ukuta karibu, kama ule wa kihenge, walale wanne pamoja, na chini yake waweke madaftari yao na majembe yako. Ukikosa miti ya kutosha kwa wote, anza na mtoto mchanga na yule anayekohoa, wengine wangoje kiangazi, miti ikipatikana.