Nauli Moja kwa Mkoa Mzima

Mfanyakazi aliyeshindwa kodi ya nyumba za katikati ya mji huhamia pembeni, na huko nauli humnyonya mara ya pili. Tuitazame Paris. Carte Orange, tikiti moja ya basi, metro na treni, ilianza mwaka 1975, lakini bei yake ilifuata kanda. Aliyesafiri kanda nyingi alilipa zaidi. Septemba 2015 tikiti ya mwezi ikawa yuro 70 kwa mkoa mzima (imepanda tangu hapo). Kudai nauli moja bila kusema nani atalipa ni kudanganyana. Kule, tangu 1971, waajiri, isipokuwa wadogo kabisa, hutozwa kodi ya usafiri kwa kadiri ya mishahara wanayolipa, kwani usafiri ndio huwaletea nguvukazi. Tena humrudishia mfanyakazi nusu ya bei ya tikiti.