Siku Njema Ndiyo ya Kuangaliwa

Siku ninayoamka vidole vimekakamaa hainipi taabu ya kupanga. Natia mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, namtuma binti ninayemfundisha kazi akafungue duka, nami nafuata baadaye. Mwili umeshaamua. Siku ya kuangaliwa ni ile ninayoamka mwepesi, tena Ramadhani, nguo za Idi zimejaa. Hapo ndipo natamani kushona hadi usiku wa manane, na nikijiachia, keshokutwa nalala na homa, magoti yamevimba.

Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na nina lupus. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, kwetu sisi huushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, damu, mapafu, figo, hata ubongo. Ugonjwa huu hauambukizi. Kati ya wagonjwa 10, 9 hivi ni wanawake, na wengi huanza kuumwa kati ya miaka 15 na 44, umri wa kuzaa na kutafuta riziki. Wengi hutibiwa kwanza malaria, taifodi au baridi yabisi, mpaka apatikane daktari wa kuagiza vipimo vyenyewe. Husemwa kwamba dalili yake ni wekundu mashavuni wenye umbo la kipepeo. Kwenye weusi wangu huu ulikuja kama zambarau iliyokoza, na majirani wakadhani najichubua.

Dawa yetu ya msingi ni haidroksiklorokwini, ya ukoo mmoja na ile klorokwini ya malaria iliyokuwa ikituwasha utotoni. Haitulizi leo kwa leo. Huchukua wiki, hata miezi, kisha huuzuia ugonjwa usichachamae. Mwaka 2020 watu waliigombania wakidhani inatibu korona, na katika nchi nyingi wenye lupus wakaikosa. Dozi hupangwa kwa uzito wa mtu, na macho lazima yapimwe, kwa sababu ikitumiwa miaka mingi inaweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho.

Mama mkwe ananipenda, ndiyo maana huniuliza: "Mwanangu, si umeshapona? Vidonge vya nini tena?" Namjibu, "Mama, nimetulia kwa sababu navimeza." Kati ya vidonge hivyo, prednisoloni ndiyo iliyonivimbisha uso, wateja wakanipongeza kwamba nimenawiri. Hiyo haiachwi ghafla hata kidogo: mwili ukishaizoea hulegea kutengeneza homoni yake, na kuikatiza kunaweza kukuangusha vibaya. Na duka la dawa nikienda kwa jambo lolote, natangulia kusema nina lupus, maana dawa za salfa, kama zile za kikohozi na mkojo, zinaweza kuuamsha ugonjwa.

Figo ndizo zinazonitia hofu kuliko yote, kwa kuwa huharibika bila kuuma. Mkojo wenye povu lisiloisha, au miguu kuvimba, ni dalili, lakini protini inaweza kuanza kuvuja kabla hujaona chochote. Kwa hiyo kliniki naenda hata ninapojisikia mzima, na mkojo napimwa.

Jua nalo huuamsha ugonjwa, wala halisubiri ujisikie vibaya. Mionzi yake hupenya mawingu, na huku pwani mchanga na bahari huirudisha usoni. Sokoni naenda mapema asubuhi au jioni, mikono mirefu, mtandio, losheni ya kukinga jua, na mwavuli hata kiangazi. Wanaouliza mvua iko wapi nawaeleza. Wengine wamekuwa walinzi wangu: wakiniona juani wananiita kivulini.

Kazini nilifunga mota kwenye cherehani ili magoti yapumzike, na kukata kitambaa ni kazi ya binti. Oda zikifika kiwango nilichojiwekea nafunga daftari, hata mteja akisihi, "Fundi, hii moja tu, dada yangu." Namwelekeza kwa jirani, ambaye anashona vizuri.

Sasa mimi na mume wangu tunataka mtoto. Daktari anataka ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6 kwanza. Haidroksiklorokwini nitaendelea nayo hata nikiwa mjamzito, ila mikofenoleti, inayolinda figo zangu, humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo lazima ibadilishwe kabla. Kipimo cha mkojo kikiendelea kuwa safi, kliniki ijayo tunakwenda wote wawili kuzungumzia dawa ya kuchukua nafasi yake.