Kifaa hiki cha matabibu kisiitwe mzuka

Kuna kifaa kimoja cha kufundishia ambacho ningependa kukiona katika kila chuo cha uuguzi na utabibu huko Kisii na Nyamira. Kuna pia jina moja ambalo nisingependa kifaa hicho kipewe. Mambo haya mawili yanahusiana, na wanaopanga elimu ya afya wasiyatenganishe.

Kifaa chenyewe ni donge linaloiga nyama ya mwili wa binadamu, ili mwanafunzi wa altrasaundi ajizoeze juu yake kabla ya kumgusa mgonjwa. Altrasaundi hupeleka mwilini mawimbi ya sauti isiyosikika kwa sikio, kisha huyapokea yanaporudi. Mashine hupima muda wa safari hiyo na kukadiria umbali, ikichukulia kwamba sauti husafiri katika nyama laini kwa mwendo wa mita 1540 kwa sekunde. Basi donge hilo halina budi kuukaribia mwendo huo. Katika maji matupu yenye nyuzi 20 za joto, sauti huenda takriban mita 1480 kwa sekunde. Kwa hiyo kitu kilichozama humo umbali wa milimita 100 kitaonyeshwa kana kwamba kiko milimita 104. Hiyo si tofauti ndogo kwa mtu ambaye kesho atakadiria umri wa mimba kwa kupima kichwa cha mtoto aliye tumboni.

Madonge yanayouzwa na viwanda vya ng'ambo ni ghali mno kwa vyuo vyetu vingi. Hata hivyo, donge la kuzoezea mkono laweza kutengenezwa papa hapa. Jelatini huyeyushwa katika maji ya moto, hutiwa unga laini wa kutawanya sauti ili picha ifanane na ya nyama, kisha huachwa igande katika jokofu. Kidole cha glavu kilichojazwa maji na kufungwa, kikizamishwa humo, huonekana cheusi kama uvimbe wenye majimaji. Kijiwe nacho hung'aa na kuacha kivuli nyuma yake, mithili ya kijiwe cha nyongo. Na mawe Kisii hayakosi! Kule Tabaka, ambako mawe ya sabuni huchongwa vinyago vinavyosafirishwa hadi ng'ambo, sioni sababu ya mafundi kushindwa kuchonga kalibu za kumiminia jelatini hiyo.

Haja ipo. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mja mzito apimwe kwa altrasaundi angalau mara moja kabla ya kutimiza majuma 24 ya mimba. Pendekezo hilo lataka mashine nyingi, lakini zaidi lataka mikono mingi iliyozoea. Pasipo kifaa cha kuigia, mkono huzoezwa juu ya tumbo la mama. Mama aliyetoka Borabu au Nyamache akitaka kujua hali ya mwanawe si ubao wa kuandikia wa mwanafunzi. Ana haki ya kukutana na mtu ambaye amekwisha kukosea mara nyingi juu ya kitu kisichoumia.

Sasa nije kwenye jina, maana hapo ndipo mwalimu wa isimu kama mimi anapopaswa kutoa rai. Wanasayansi wa Ulaya na Marekani hukiita kifaa hiki fantomu. Neno hilo asili yake ni Kiyunani, nalo katika Kiingereza cha kila siku humaanisha mzuka. Mfasiri mvivu atafungua kamusi, aone mzuka, aandike mzuka, kisha alale usingizi wake.

Huko Gusii tafsiri hiyo si mzaha. Mnamo Oktoba 2021, katika eneo la Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wa watu uliowashuku kuwa abarogi, yaani wachawi. Na hayo hayakuwa mauaji ya kwanza ya aina hiyo. Katika nchi ambayo shutuma yaweza kumgharimu ajuza uhai wake, ni nani mwenye akili timamu atakayemwambia mkunga kwamba hospitali imenunua mzuka wa tumbo la mja mzito? Uvumi hauhitaji zaidi ya hapo. Mama atakayebaki nyumbani kwa hofu hatamlaumu mfasiri. Hata hatajua kwamba yupo.

Kiswahili hakijaishiwa na maneno. Tunasema kinasasauti, kipazasauti na kipimajoto, na kila asikiaye huelewa kazi ya kifaa kutokana na jina lake. Kwa kanuni iyo hiyo napendekeza kiigamwili, wingi wake viigamwili. Wasemaji wa Ekegusii nao wanaweza kuunda lao kutokana na omobere, yaani mwili, badala ya kugusa ebirecha, ambao ni mizimu.

Wako watakaosema kwamba kiigamwili hakipumui, hakina hofu wala hakiulizi swali. Ni kweli. Hakiwezi kumfundisha mtabibu namna ya kumpa mama habari mbaya kwa lugha anayoielewa, na kile cha jelatini huharibika baada ya siku chache. Lakini hicho ni cha kuzoeza mkono na jicho. Mengine yatafundishwa na wagonjwa wenyewe, chini ya uangalizi wa wakubwa wa kazi.

Kisii kuna hospitali ya mafunzo na rufaa, kuna chuo cha KMTC, na kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka wa 2013. Wahenga walinena kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wakuu wa taasisi hizo wakae pamoja na wachongaji wa Tabaka na watu wa lugha, wamimine kiigamwili cha kwanza, na kabla ya kukiingiza darasani wakibandike jina lisilomtisha mtu.